Wayo wa Mbwa wa Kazi: Jina Tunalolikosa na Vitenzi Tulivyo Navyo

Miongoni mwa maandishi yanayomfikia mtafsiri wa leo imo miongozo ya kutunza mbwa wa kazi. Mbwa hao si wachache nchini. Jeshi la Polisi lina Kikosi chake cha Mbwa na Farasi, na tangu miaka ya 2010 mbwa wa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona wametumika katika bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki. Mwongozo wa namna hiyo aghalabu huwa mfupi, wala hauna nadharia ngumu. Hata hivyo mtafsiri hukwama tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu jambo linalozungumzwa humo ni sehemu ya mwili ambayo Kiswahili Sanifu hakijaipa jina lake peke yake, yaani zile nyama zilizovimba kidogo, zenye ngozi ngumu, ambazo mbwa hukanyagia ardhi.

Njia iliyo rahisi ni kulichukua neno la Kiingereza na kuliandika pedi. Neno hilo limekwisha kuingia katika lugha yetu, lakini limeingia na maana zake: iko pedi ya hedhi, na iko pedi ya shashi ambayo muuguzi huiweka juu ya kidonda. Mtafsiri akiliongezea maana ya tatu atajikuta ameandika kwamba pedi ikiumia iwekewe pedi, na kwamba pedi ibadilishwe kila siku. Askari au bwana mifugo mwenye mbwa anayevuja damu mbele yake hana nafasi ya kukaa na kufumbua fumbo hilo.

Njia ya pili ni kutumia neno wayo. Hili ni neno letu, tena zuri, nasi tutalitumia katika makala haya. Lakini wayo ni upande wote wa chini wa mguu, na pia ni alama ambayo mguu huiacha ardhini. Mbwa wa msako hufuata nyayo. Akifuata nyayo mchana kutwa huumia nyayo. Na taarifa ikisema tu kwamba nyayo zilikuwa na damu, mpelelezi atataka kujua kwanza ni nyayo za nani, za mtuhumiwa au za mbwa. Jambo hili si mzaha wa wanalugha. Taarifa kama hiyo huenda ikasomwa mahakamani.

Sisi tumelitazama suala hili kwa kuangalia wilaya moja, Kilosa, pamoja na mji wake wa Mikumi, na sababu ya kuichagua ni ardhi yake. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mguu wa mbwa hujaribiwa kwa namna nyingi kiasi hicho katika eneo moja. Upande wa magharibi iko milima ya Ukaguru na Rubeho yenye mawe na changarawe. Mashariki uko uwanda wa Mkata wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wakati wa masika hunata kama ulimbo, na wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka na kuwa na kingo ngumu kama vigae. Huko Kimamba na kandokando ya Kilosa yako mashamba ya katani, ambayo ncha ya jani lake hupenya hata kiatu cha ngozi. Kusini, upande wa Kidodi na Ruaha, yako mashamba ya miwa yenye visiki vikali baada ya mavuno. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, imepita hapo na kokoto zake. Na barabara kuu iendayo Iringa inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa lami inayochemka jua linapokuwa utosini.

Mbwa wanaofanya kazi katika ardhi hiyo wengi wao hawana sare wala namba. Ni mbwa wa Waparakuyo na Wabarbaig, wanaofuatana na ng'ombe tangu asubuhi hadi jioni na kukesha zizini usiku. Ni mbwa wa wakulima wa Kikaguru na Kividunda wanaofukuza ngedere na nguruwe katika mahindi. Mbwa wa kijijini haruhusiwi kuingia hifadhini, na ni haki iwe hivyo kwa sababu tutakazozitaja. Lakini mpaka wa hifadhi haubadilishi miiba. Kwa hiyo tunaposema mbwa wa kazi, tunawatia wote hao ndani, na istilahi itakayotungwa haina budi kumfaa mfugaji wa Mikumi kama inavyomfaa askari. (Morogoro yenyewe imejulikana ulimwenguni zaidi kwa panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Lakini panya ni mwepesi, na kazi yake ni fupi. Hajatupa tabu hii.)

Majina ya viungo

Kwanza liko suala la mguu. Kiswahili hutumia neno mguu kwa kiungo kizima, kuanzia pajani mpaka kidoleni. Taarifa inayosema "mbwa ameumia mguu" haijasema kitu. Tena wako wanaoita mguu wa mbele mkono, kama wauza nyama wasemavyo mkono wa mbuzi. Sisi twaona afadhali kusema mguu wa mbele na mguu wa nyuma, kisha kutaja wa kulia au wa kushoto, na ieleweke kwamba kulia ni kulia kwa mbwa, si kwa mtu anayemtazama usoni. Imepata kutokea mguu mzima ukafungwa bandeji kwa ajili ya neno hili moja.

Pili, zile nyama za wayo. Kila mguu wa mbwa unazo nne ndogo, moja chini ya kila kidole kinachogusa ardhi, na moja kubwa katikati yenye umbo la pembetatu. Miguu ya mbele ina moja zaidi, ndogo, nyuma ya kifundo, ambayo haigusi ardhi isipokuwa mbwa anapojizuia katika mteremko au anapokata kona kwa kasi. Juu ni ngozi nene ngumu. Chini yake ni mafuta yaliyofungwa kwa nyuzi imara, ambayo hupokea kishindo cha kila hatua. Mishipa ya damu humo ni mingi, ndiyo maana kidonda kidogo cha wayo huvuja damu kuliko mtu anavyotazamia. Hapo pia mbwa hutoka jasho kidogo, ingawa jasho hilo halitoshi kumpoza. Yeye hujipoza kwa kutweta.

Tumeyapima majina kadhaa. Kinundu kingefaa kwa umbo, lakini nundu ni uvimbe pia, na msomaji akiambiwa kwamba mbwa ana vinundu vinne mguuni atakwenda kutafuta dawa. Kikanyagio kimekwisha kuchukuliwa na baiskeli na cherehani. Mto mdogo ndiyo maana yenyewe, lakini lugha imetuzuia hapo, maana udogo wa mto ni kijito, na kijito kina maji. Sugu, ambalo wengi hulitaja kwanza, ndilo tunalolikataa kwa nguvu zaidi, na tutaeleza sababu yake mbele. Pendekezo letu ni kitakia, wingi vitakia, kutokana na takia, yaani mto wa kuegemea. Neno hili ni jepesi kutamka, halina maana nyingine inayoligombania, na kazi ya kiungo imo ndani yake. Tutasema basi kitakia cha kidole, kitakia kikuu, na kitakia cha kifundo. Hili ni pendekezo tu, nasi tumelitumia hapa ili wasomaji walijaribu midomoni mwao.

Vitenzi

Tulipozungumza na wafugaji wa Kilosa na Mikumi tuligundua jambo ambalo lingetupasa kulijua tangu mwanzo. Ukimwuliza mtu sehemu ile inaitwaje, atakuambia "chini ya mguu" na kukushangaa. Lakini ukimwuliza mbwa wake ana nini, hatasema kwamba ameumia. Atasema wayo umelika, au umebabuka, au umechanika, au umepasuka, au mbwa amechomwa. Jina hana, lakini vitenzi anavyo vitano, na kila kimoja kina tiba yake. Mtafsiri anayeandika "jeraha la wayo" kila mahali huwa ameyafuta maarifa hayo yote kwa kalamu yake. Tuvitazame.

Kulika ni kupungua kidogo kidogo kwa kusuguana, kama soli ya kiatu. Ndilo tatizo la mbwa anayekwenda mbali juu ya changarawe au kokoto, hasa yule aliyekaa muda mrefu bila kazi, kisha akatolewa ghafula. Dalili yake hupotosha, kwa kuwa mara nyingi nyayo zote nne huwa zimelika, na mbwa hachechemei upande mmoja. Yeye hunyata kwa hatua fupi kama anayekanyaga makaa, na hulala kila mnaposimama. Ukiinua mguu utaona vitakia vimekuwa laini na vyenye kung'aa, pengine rangi ya waridi imejitokeza. Tiba ni kumwacha apumzike. Nyayo zioshwe, zikaushwe, mbwa akae juu ya sakafu safi au mkeka, na zifungwe bandeji ikiwa zinatoka damu au maji. Akirudishwa kazini kabla ngozi mpya haijakomaa, italika tena kwa nusu ya mwendo wa kwanza. Hii ni tofauti na kuchubuka, ambako ni kwa mara moja na kwa juu juu.

Kubabuka ni kuungua hadi ngozi ikaachana na nyama. Lami iliyopigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 50 za Sentigredi hata kama hewa yenyewe ni ya nyuzi 30 hivi. Wakati wa kiangazi iko hatari nyingine ambayo miongozo ya Ulaya haiitaji: shamba au nyika iliyochomwa moto, ambayo juu ina jivu lililopoa na chini yake mna makaa. Wayo uliobabuka upozwe mara moja kwa maji ya kawaida yanayotiririka, kwa muda wa dakika 10 hadi 20, wala si kwa barafu. Malengelenge yasitumbuliwe. Ngozi iliyoambuka isivutwe kwa mkono. Ifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu na mbwa apelekwe kwa mganga wa mifugo, kwani kuungua huendelea kuingia ndani baada ya moto kuondoka.

Kuhusu kukatwa na kuchanika, mtafsiri ajihadhari na kitenzi kukatika. "Mguu wa mbwa umekatika" maana yake ni kwamba mguu umetengana na mwili, au umevunjika, na si kwamba umepata mkato. Tuseme basi kitakia kimekatwa, ikiwa ni kwa chupa au bati, au kimechanika, ikiwa kingo zake zimeraruka kama kwa kisiki cha muwa. Damu ikiwa nyingi, jambo la kwanza ni kukandamiza kwa kitambaa safi, dakika tano hadi kumi, bila kufunua kila mara ili kutazama. Ikipungua, jeraha lioshwe kwa maji mengi. Maji ya chumvi yanayofaa ni nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi. Mkato mrefu au wa kina hauna budi kushonwa na mganga, tena mapema. Na mwenye mbwa aambiwe wazi kwamba mshono wa wayo ni dhaifu, maana kila mbwa anapokanyaga, kitakia hutanuka na nyuzi huvutwa. Wiki mbili au tatu za kupumzika si anasa.

Kuchomwa au kutoboka ndiyo hali inayodharauliwa. Mwiba wa mgunga au ncha ya katani huacha tundu dogo lisilotoa damu, na kesho yake tundu limeziba, ilhali uchafu umebaki ndani. Siku ya tatu utaona uvimbe kati ya vidole, na mbwa hulamba mahali pamoja bila kuacha. Mwiba unaoonekana uvutwe kwa kibano, moja kwa moja kama ulivyoingia. Uliokatikia ndani usichokolewe kwa kisu. Mguu uloweshwe katika maji ya uvuguvugu ya chumvi dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, na usaha ukianza aitwe mganga.

Katika mlango huu tunapaswa kutaja neno funza. Watu wengi hulitumia kwa mdudu yule anayejichimbia katika ngozi ya mguu, na pia kwa mabuu ya nzi yaliyomo katika kidonda. Ni mambo mawili yenye tiba mbili. Kwa mdudu wa mguuni tunalo neno tekenya, na twapendekeza lishikwe. Kwa watoto wa nzi tuseme mabuu. Tekenya si mwenyeji wa bara hili. Alifika Angola kutoka Brazili mwaka 1872, akavuka bara pamoja na misafara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Leo mbwa na nguruwe ni miongoni mwa wanyama wanaomhifadhi, hivyo mbwa mwenye tekenya katika vitakia vyake ni habari ya nyumba nzima, pamoja na watoto wanaocheza pekupeku katika uwanja huohuo.

Kupasuka

Kitenzi cha tano tumekitenga kwa makusudi. Ngozi ya kitakia ikikauka mno hupasuka, kama kisigino cha mtu kinavyofanya magaga. Udongo mweusi wa Mkata ukikaukia kati ya vidole huvuta maji ya ngozi na kuharakisha jambo hilo. Magaga madogo hayana hatari. Mguu huoshwa jioni, hukaushwa mpaka kati ya vidole, na hupakwa mafuta mazito kiasi kidogo. Yasipakwe asubuhi kabla ya kazi, maana kitakia kilicholainishwa hulika upesi.

Lakini yako magonjwa ambayo hufanya vitakia vya miguu yote kuwa vigumu na vinene kupita kawaida, kisha kupasuka. Mojawapo ni distempa, ugonjwa wa virusi ambao mbwa huupata pamoja na makamasi, tongo za macho, kikohozi, kuhara, na baadaye kifafa. Kwa Kiingereza cha mazungumzo ugonjwa huo umewahi kuitwa kwa jina la ugumu wa wayo. Hapa ndipo neno sugu linapoleta madhara. Ikiwa tumekwisha kumfundisha msomaji kwamba kila mbwa mzima ana sugu tano katika kila mguu, kisha mwongozo ukamwambia amtenge mbwa aliyeota sugu, atafanya nini? Ama atawatenga mbwa wote, ama hatamtenga hata mmoja. Na yamkini ni hili la pili. Sugu ni ngozi iliyokuwa laini ikawa ngumu. Kitakia ni kiungo cha kuzaliwa nacho. Tukivitenganisha kwa jina, dalili ya ugonjwa itaonekana.

Athari ya kosa hilo haiishii kwa mbwa. Mwaka 1994 distempa iliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba wa Mikumi wanatenganishwa na mbwa wa vijijini kwa mpaka tu wa hifadhi, na fisi huuvuka mpaka huo kila usiku. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha habari za wayo wa mbwa afundishe pia kwamba kitakia kilichokuwa kigumu bila kazi, katika miguu yote, pamoja na makamasi, si jeraha, na mbwa huyo asifungwe bandeji bali aripotiwe. Na kwa kuwa kila mbwa mwenye maumivu huweza kumwuma hata bwana wake, chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie yote haya. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kufunga na kukinga

Maneno ya kufungia tunayo ya kutosha: bandeji, shashi, pamba, plasta. Kile kitambaa cha kwanza kinachogusa kidonda, ambacho ndicho pedi ya wauguzi, tunaona kitoshe kuitwa kitambaa kisichoganda, kwa kuwa sifa hiyo ndiyo inayotakiwa. Pamba kidogo iwekwe kati ya vidole, shashi izungushwe, na bandeji ipande hadi juu ya kifundo ili isivuke. Kucha za vidole viwili vya kati ziachwe zikionekana. Zikianza kutengana, vidole vikivimba au vikiwa baridi, bandeji imekaza, na iondolewe bila kungoja. Iliyolowa ibadilishwe saa ileile. Iliyo kavu, kila siku au baada ya siku mbili, kwa kadiri kidonda kinavyotoa maji.

Miongozo mingi huagiza kwamba bandeji ivishwe mfuko wa plastiki mbwa anapotoka nje. Mtafsiri mwaminifu kwa maneno atauandika mfuko huo, na kumwagiza askari atumie kitu kilichopigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Mtafsiri mwaminifu kwa maana ataandika mfuko mtupu wa dripu, uliooshwa, ambao waganga wa mifugo huutumia kwa kazi hiyo, tena ni mgumu kuliko ule mwingine. Uvuliwe mara mbwa anaporudi ndani, kwa sababu jasho la wayo hulowesha bandeji.

Makatazo yaandikwe kwa majina yanayojulikana madukani. Mafuta ya taa, maji ya betri, oili chafu, majivu na spiriti visitiwe katika kidonda. Iyodini ifae ikiwa imechanganywa na maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Dawa za maumivu za binadamu, hasa aibuprofeni na diklofenaki, asipewe mbwa kabisa, kwa maana humharibu tumbo na figo. Kusema "dawa zisizoidhinishwa" ni kusema maneno ya ofisini. Mwenye mbwa atakwenda dukani akanunue diklofenaki.

Kinga haihitaji istilahi nyingi. Mbwa aliyekaa azoezwe kwa mwendo mfupi juu ya ardhi ngumu, uongezwe wiki kwa wiki mpaka vitakia vikomae. Mbwa wa mchungaji wa Kilosa amezoezwa hivyo na maisha yake, ndiyo maana hulika kwa nadra kuliko mbwa wa kambini aliyelala juu ya saruji. Kucha zikatwe, kwani zikirefuka humfanya akanyage vibaya. Kabla ya kuvuka lami, mwongoza mbwa aweke mgongo wa kiganja chake juu yake kwa sekunde saba. Akishindwa yeye, mbwa naye asipitishwe. Kazi ya msako ianze alfajiri. Na miguu yote minne ikaguliwe kabla na baada ya kazi, kidole kwa kidole, kwa mikono kuliko kwa macho, maana mwiba hupapaswa kabla haujaonekana.

Vimebaki viatu vya mbwa, ambavyo hutumika katika vikosi kadhaa vya ng'ambo na vimeanza kutajwa katika miongozo inayotufikia. Vinafaa kwa kokoto na kwa jivu la moto, mradi mbwa avizoee kwa dakika chache kila siku, na vivuliwe mara kwa mara ili nyayo zikauke. Tumesikia wengine wakiviita soksi, na wengine kwato za mpira. Sisi hatujaamua. Wasomaji walioko vikosini, waganga wa mifugo, na hasa wale wa Kilosa na Mikumi ambao katika Kikaguru, Kisagara, Kividunda au Kimaasai wanalo jina la vitakia, twawaomba watuandikie neno hilo pamoja na sentensi kamili inamotumika.